Saratani Ikiingia Kwenye Tezi: MRI Inasaidia Wapi, na Wapi Haisaidii

Mwanamke wa kata ya Pangani, katika Halmashauri ya Mji Kibaha, akishaambiwa kwamba kinyama kilichopelekwa maabara kimeonyesha saratani ya mlango wa kizazi, swali linalofuata kwa madaktari wake ni kama ugonjwa umeshaingia kwenye tezi za limfu. Pangani hii si ile ya Tanga, yenye mto na magofu. Ni kata ya mkoa wa Pwani, na kwa upande wa matibabu iko mahali penye nafuu kuliko sehemu nyingi za nchi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, iko hapo hapo Kibaha. Ukishika barabara ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam unapita Kiluvya, ambayo ni kata ya Kisarawe, na mbele kidogo kuna njia ya kwenda Mloganzila, hospitali iliyofunguliwa Novemba 2017 na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, iko ufukweni mwa jiji hilo hilo. Kwa wakazi wa Pangani na Kisarawe, basi, MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ni kitu kinachofikika, si habari ya kusikia redioni. Ndiyo maana inafaa kuuliza sasa, kabla mazoea hayajaweka mizizi, mashine hiyo inatuambia nini hasa kuhusu tezi.

Rai yangu ni hii. MRI ni chombo bora cha kuona uvimbe pale ulipoanzia na umbali uliotambaa kwenye nyama za jirani. Kwa kuamua kama tezi ina saratani au haina, chombo hicho ni dhaifu, na dawa ya kontrasti inayochomwa mshipani wakati wa kipimo haiondoi udhaifu huo. Tena udhaifu wenyewe unakuwa mkubwa zaidi katika mkoa ambao tezi za watu huvimba kwa sababu nyingi zisizo saratani. Kwa hiyo kipimo hiki kiagizwe pale jibu lake litakapobadilisha tiba, na jibu hilo lisiachwe peke yake pale ambapo sindano ya kuchukua sampuli inaweza kulithibitisha.

Nianze na sababu ya tezi kupewa uzito wote huu. Maji yanayobaki kati ya seli za mwili hukusanywa na mishipa myembamba ya limfu na kurudishwa kwenye damu, na njiani hupita katika tezi zinazofanya kazi ya chujio. Seli ya saratani inayochomoka kutoka kwenye uvimbe mara nyingi hunaswa hapo kwanza. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, vituo vya mwanzo ni tezi za ndani ya nyonga, na baada yake ni zile zilizopangana kando ya mshipa mkuu wa damu, juu ya kitovu na chini yake. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, FIGO, lilipoandika upya hatua za saratani hii mwaka 2018, kwa mara ya kwanza liliingiza tezi ndani ya hesabu. Mgonjwa mwenye tezi za nyonga zilizoathirika yuko hatua ya IIIC1, na mwenye tezi za kando ya mshipa mkuu yuko IIIC2, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. FIGO ilikubali pia kwamba ushahidi unaweza kutoka kwenye picha au kwenye maabara, mradi daktari aandike umetoka wapi. Kabla ya hapo hatua zilipangwa zaidi kwa mikono na macho ya daktari, kwa kuwa shirikisho lilijua kwamba wagonjwa wengi wa ugonjwa huu wanaishi katika nchi zisizo na mashine.

Mabadiliko hayo yana athari ya moja kwa moja mezani kwa mtaalamu wa mionzi. Tiba ya kawaida ya saratani iliyopita hatua ya upasuaji ni mionzi ya nje ya nyonga ikiambatana na dawa ya sisplatini, utaratibu uliokubalika duniani tangu 1999, kisha mionzi ya ndani inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Mpaka wa juu wa eneo linalopigwa mionzi huwekwa karibu na pingili za mwisho za kiuno. Ikiwa tezi za kando ya mshipa mkuu zina saratani, mpaka huo hauna budi kupandishwa, la sivyo ugonjwa unabaki juu yake bila kuguswa. Lakini kuupandisha ni kuyapiga mionzi matumbo mengi zaidi, na kuzikaribia figo, kwa mtu ambaye huenda hakuhitaji. Uamuzi huu una hasara pande zote mbili, na katika nchi inayopata zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 wa saratani hii kila mwaka na vifo zaidi ya 6,000, hauwezi kuitwa jambo dogo la kitaalamu.

Sasa tuitazame mashine. MRI haitumii mionzi. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, na picha yake hutokana na jinsi chembe za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili zinavyoitikia. Dawa ya kontrasti inayotumika karibu kote ni ya madini ya gadolini. Ikichomwa mshipani hufuata damu, na mahali penye mishipa mingi au inayovuja, kama kwenye uvimbe, huonekana peupe zaidi. Ubaya ni kwamba tezi iliyovimba kwa maambukizi nayo ina damu nyingi, kwa hiyo nayo inang'aa. Gadolini inaonyesha damu inakwenda wapi, wala haijui tofauti ya seli ya saratani na seli ya kinga iliyo kazini. Kwa sababu hiyo msomaji wa picha hurudi kwenye kigezo cha zamani, yaani ukubwa. Tezi ya nyonga yenye upana wa milimita 10 au zaidi kwa upande wake mfupi inashukiwa, iliyo chini ya hapo inapita. Wataalamu huongeza dalili nyingine, kama umbo la mviringo, ukingo usio sawasawa au katikati iliyooza, na picha maalumu inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama. Zote zinasaidia kidogo. Ukubwa ndio unaobaki kuwa hakimu.

Hakimu huyo hukosea sana. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu saratani ya mlango wa kizazi ulikuta kwamba MRI iliwatambua wagonjwa kama 56 kati ya kila 100 waliokuwa na saratani kwenye tezi. CT-scan ilitambua 50, na PET au PET-CT, picha inayofuata sukari mwilini, 82. Kwa wasio na ugonjwa kwenye tezi, MRI ilisema ukweli kwa takriban 91 kati ya 100. Tuzigeuze namba hizo kuwa watu. Tuseme wanawake 100 wanapimwa, na 30 kati yao wana saratani kwenye tezi. Mashine itawakamata 17 na kuwapita 13. Katika 70 waliobaki, itawashuku 6 bila sababu. Wanaoambiwa tezi zao ni salama watakuwa 77, na mmoja kati ya kila sita hivi katika hao atakuwa anabeba saratani ambayo picha haikuiona. Kipimo chenye jibu la namna hii kina faida yake, lakini hakistahili kutamkwa kwa sauti ya mwisho kama kinavyotamkwa mara nyingi.

Kuna wakati dunia ilikaribia sana kuuondoa udhaifu huu, na kisa chake kinafundisha. Watafiti wa Boston, akiwemo Ralph Weissleder, walitengeneza chembe ndogo mno za chuma zilizofunikwa kwa sukari ya dekstrani, dawa iliyoitwa ferumoxtran-10. Tofauti na gadolini, chembe hizi hubaki kwenye damu kwa muda mrefu, huvuja taratibu na kuchukuliwa na limfu hadi kwenye tezi. Huko humezwa na makrofeji, zile seli za kinga zinazokula takataka. Chuma kikishajaa ndani ya tezi, sehemu hiyo huwa nyeusi kwenye MRI. Tezi iliyovamiwa na saratani imefukuza makrofeji zake, haimezi chuma, na inabaki nyeupe. Hapa ukubwa hauulizwi tena. Kinachoulizwa ni kama tezi bado inafanya kazi yake.

Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka 2003, na Mukesh Harisinghani na wenzake wa Boston na Nijmegen. Walikuwa na wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume. Tezi za limfu 334 zilipimwa kwa upasuaji au sindano, na 63 kati yake, za wagonjwa 33, zikakutwa na saratani. Katika hizo 63, tezi 45 hazikufikia kigezo cha kawaida cha ukubwa, yaani MRI ya kawaida ingeziruka. MRI yenye chuma iliwatambua wagonjwa wote 33. Ukihesabu tezi moja moja, iliona asilimia 90.5, dhidi ya asilimia 35.4 za MRI ya kawaida. Mwaka 2008 utafiti wa Uholanzi wenye wagonjwa 375 ulionyesha mwelekeo huo huo: asilimia 82 kwa MRI yenye chuma, asilimia 34 kwa CT-scan. Namba hizo 45 kati ya 63 ndizo ningependa kila anayesoma picha za nyonga azikumbuke, kwa sababu zinasema wazi kwamba sehemu kubwa ya saratani iliyomo kwenye tezi hukaa katika tezi zenye ukubwa wa kawaida.

Pamoja na hayo dawa hiyo haikuingia sokoni. Mwaka 2005 kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuipendekeza, na mwaka 2007 kampuni iliyokuwa ikiomba kibali Ulaya iliondoa maombi yake. Wadhibiti waliona ushahidi hautoshi kwa matumizi mapana yaliyokuwa yakiombwa, na hofu ya mzio nayo ilikuwepo. Baadaye hospitali ya Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, iliifufua kwa ajili ya utafiti. Dawa nyingine ya chuma, ferumoxytol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo, imejaribiwa kwa kazi ya picha nje ya kibali chake, lakini mwaka 2015 iliwekewa onyo kali kwa sababu ya mzio unaoweza kuua. Hata kama dawa hizi zingefika Mloganzila kesho, zinahitaji kutiririshwa polepole mshipani, kisha mgonjwa arudi kupigwa picha baada ya saa 24 au zaidi. Kwa mtu wa Maneromango, ndani kabisa ya Kisarawe, hizo ni nauli mbili na siku mbili za msindikizaji kuacha shamba. Kwa hiyo kontrasti iliyopo kwetu ni gadolini, na mjadala wetu lazima uwe juu yake. Mafanikio ya chuma yasitajwe kama yake.

Na sasa nije kwenye jambo ambalo tafiti za kwingine hazikulazimika kulijibu. Zile asilimia 91 za uchambuzi wa 2010 huenda zilitokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa ambao tezi zao hazikuwa na sababu nyingi nyingine za kuvimba. Pwani ni tofauti. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima wa Tanzania wanaishi na VVU, na mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita hivi ya asiye navyo, kwa hiyo kwenye foleni ya saratani hii idadi yao iko juu kuliko mitaani. VVU huvimbisha tezi mwili mzima. Tanzania imo pia katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu kikiingia kwenye tezi huzikuza na kuziozesha katikati, hali ambayo chini ya gadolini huonekana kama ukingo mweupe wenye kiini cheusi. Ni sura ile ile ya tezi ya saratani iliyooza. Kisha yapo matende, ugonjwa wa ukanda wetu, ambao mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianza kugawa dawa mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, wilaya ya mkoa huu huu. Minyoo yake inaishi ndani ya mishipa ya limfu yenyewe, na mitoki ya kwenye kinena wazee wa pwani wanaifahamu bila kuelezwa na daktari.

Turudie hesabu yetu kwa kudhani kwamba, kutokana na magonjwa haya, usahihi wa MRI kwa wasio na saratani kwenye tezi unashuka kutoka 91 hadi 75 kati ya 100. Wanaokamatwa kwa haki wanabaki 17. Wanaoshukiwa bure wanakuwa 17 au 18. Hapo kauli ya mtaalamu kwamba tezi zina dalili za saratani inakuwa na uzito wa sarafu iliyorushwa hewani, na mgonjwa anaweza kupandishwa hatua, kuongezewa eneo la mionzi, au, kwa ubaya zaidi, kuhamishwa kutoka kwenye tiba ya kuponya na kupelekwa kwenye tiba ya kutuliza maumivu, kwa sababu ya kifua kikuu ambacho kingetibiwa kwa vidonge vya miezi sita. Dhana yangu ya 75 inaweza kuwa kali au laini. Inachoonyesha ni kwamba jibu la picha lina thamani tofauti kulingana na mahali mgonjwa anapotoka, na namba za tafiti za kwingine haziwezi kuhamishiwa Kibaha bila kupimwa upya.

Wapo watakaosema kwamba taarifa pungufu ni bora kuliko kukosa taarifa. Ningekubali kama taarifa hiyo isingegharimu kitu zaidi ya karatasi. Lakini kuisubiri kuna bei. Mionzi na kemotherapi ya saratani hii inapaswa kukamilika ndani ya wiki 8 hivi, kwa kuwa kila siku inayopotea inapunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa, na kabla ya tiba kuanza uvimbe haukai ukisubiri. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa tayari. Kumwongezea mgonjwa wa namna hiyo wiki kadhaa za kutafuta fedha, nafasi ya MRI na msomaji wa picha, ili apate jibu ambalo haliyumbishi mpango wa mionzi hata kidogo, ni kumdhuru kwa jina la kumjali.

Hoja nzito zaidi ni hii: je, kujua zaidi kuhusu tezi hakumwongezei mgonjwa maisha? Utafiti wa Ujerumani uitwao Uterus-11 ulijaribu kulijibu. Wanawake 255 wenye saratani iliyosogea waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipangiwa tiba kwa uchunguzi wa kliniki na picha, jingine lilifanyiwa kwanza upasuaji wa kutoa tezi na kuzipima maabara. Katika kundi la upasuaji, theluthi moja walipandishwa hatua, maana yake ugonjwa ulikutwa ambako haukutarajiwa. Hata hivyo, kwa jumla, muda wa kuishi bila ugonjwa kurudi haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu. Zilionekana dalili za faida kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wa hatua ya IIB, na kwa vifo vilivyotokana na saratani yenyewe, kwa hiyo sisemi tezi hazina maana. Nasema kwamba hata ukweli wa maabara kuhusu tezi, ambao ni bora mara nyingi kuliko picha yoyote, ulileta faida ya wastani. Picha inayoona nusu ya ukweli huo haiwezi kudai faida kubwa zaidi yake.

PET-CT, ambayo Ocean Road imepewa katika miaka ya karibuni, ina nafasi nzuri zaidi kwenye tezi, kama namba za 2010 zinavyoonyesha, na kupatikana kwake nchini ni hatua ya kupongezwa kwa dhati. Ila nayo hufuata seli zinazokula sukari kwa pupa, na tezi ya kifua kikuu hula sukari kama ya saratani. Shida ya Pwani inahamia kwenye mashine mpya. Haiondoki kwa kubadili mashine. Inaondoka kwa sindano: kuingiza sindano nyembamba kwenye tezi inayoshukiwa, kwa kuongozwa na ultrasaundi au CT-scan, na kuipeleka sampuli kwa mtaalamu wa patholojia. Tezi ya kinena au ya shingoni hufikika kirahisi, na jibu lake hutofautisha saratani na kifua kikuu kwa namna ambayo sumaku yoyote haiwezi. Za ndani kabisa ya nyonga ni ngumu, nakiri, na hapo ndipo picha inabaki kuwa mwongozo pekee. Lakini ni mara ngapi tezi ya kinena inayoshikika kwa vidole huandikwa kwenye ripoti kama inashukiwa, kisha ikaachwa hapo?

Hoja inayonigusa zaidi ni ile ya haki. Itasemwa kwamba maneno haya ni rahisi kuyaelekeza kwa watu wa Pangani na Kisarawe, wakati mgonjwa wa London hupigwa MRI bila mtu kuuliza itabadilisha nini. Ni kweli kwamba maskini wamewahi kunyimwa huduma kwa visingizio vya aina hii. Ndiyo maana ni muhimu kuonyesha mahali ambapo MRI inapaswa kudaiwa kwa nguvu zote. Mahali pa kwanza ni kupima uvimbe wa mlango wa kizazi wenyewe kwa mwanamke ambaye bado anaweza kufanyiwa upasuaji, hasa msichana anayetaka kubakiza uwezo wa kuzaa. Pa pili ni kuongoza mionzi ya ndani. Utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao EMBRACE-I, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mionzi ya ndani inayopangwa kwa MRI iliudhibiti ugonjwa pale ulipoanzia kwa asilimia 92 katika miaka mitano. Faida ya ukubwa huo haijaonyeshwa na MRI ya tezi. Ikiwa saa za mashine ni chache, basi haki ni kuzipeleka zinapookoa watu wengi.

Lipo pia suala la kontrasti yenyewe, ambalo hupita bila kuulizwa. Miongozo ya wataalamu wa radiolojia ya mfumo wa uzazi wa Ulaya haiihitaji gadolini kama sharti la kawaida katika MRI ya mlango wa kizazi. Picha za kawaida zinazoonyesha maji, pamoja na zile za mwendo wa maji ndani ya nyama, ndizo zinazobeba kazi. Na kwa mgonjwa wetu kuna sababu ya ziada ya kutoikimbilia. Saratani iliyosogea hubana mirija ya mkojo, figo zikazidiwa, na tangu 2006 inajulikana kwamba baadhi ya dawa za gadolini, kwa mtu mwenye figo zilizochoka sana, zinaweza kusababisha ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo usio na tiba ya uhakika. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisitisha matumizi mengi ya dawa za kundi hilo, ambazo molekuli zake huishika gadolini kwa ulegevu, na kuacha zile zinazoizingira kikamilifu, ambazo ni salama zaidi. Kwa hiyo kipimo cha kreatinini kitangulie, aina ya dawa ijulikane kabla haijanunuliwa, na pale kontrasti isipoongeza kitu, iachwe. Kuiacha kunapunguza pia gharama, na kwa familia nyingi hilo peke yake linaweza kuwa tofauti ya kupimwa na kutopimwa.

Kwa saratani ya matiti suala ni jepesi zaidi. Tezi za kwapani ziko karibu na ngozi, ultrasaundi inaziona vizuri, sindano inazifikia, na kazi hiyo haina haja ya kuvuka mpaka wa mkoa ikiwa yupo mwenye ujuzi na maabara ya kupokea sampuli. Kumtoa mgonjwa Kibaha kwenda kutafuta MRI ya kwapa ni kuzunguka. Saratani ya tezi dume, inayoongoza kwa wanaume nchini, inafanana zaidi na ya mlango wa kizazi: tezi ziko ndani, ukubwa unadanganya, na uamuzi wa tiba hutegemea pia kiwango cha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, na alama ambazo maabara hukipa kinyama.

Kinachofuata kutokana na yote haya kinawezekana leo, bila kusubiri mashine nyingine. Daktari wa Tumbi au wa Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe anayejaza fomu ya kuomba MRI aandike humo swali analotaka lijibiwe na uamuzi utakaofuata kwa kila jibu. Akikuta majibu yote mawili yanampeleka kwenye tiba ile ile, aiache fomu na ampeleke mgonjwa Ocean Road moja kwa moja. Msomaji wa picha aambiwe hali ya VVU ya mgonjwa na historia ya kifua kikuu, kwa sababu bila taarifa hizo anasoma tezi za mtu wa mahali pengine. Muhimbili, Mloganzila na Ocean Road wana wagonjwa wa kutosha kulinganisha ripoti za MRI na majibu ya maabara, na kutuambia usahihi wa kipimo hiki ni kiasi gani hapa Tanzania. Namba hiyo ndiyo ingetuondoa kwenye kudhani kama nilivyodhani mimi hapo juu, na natoa wito ifanyiwe kazi.

Na wewe ndugu uliyeshika karatasi ya rufaa ya mama, dada au mke wako, una haki ya kumuuliza daktari swali moja kabla hujauza mbuzi au kukopa kwenye kikoba: picha hii ikionyesha tezi zimeathirika, au ikionyesha ziko salama, matibabu yake yatabadilika vipi? Akikueleza, nenda ukapime haraka. Asipoweza kukueleza, omba tiba ianze.